Jinsi Tulivyoileta Bahari Katika Chumba cha Sayansi

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za tangi la maji ya chumvi lililomo katika chumba cha sayansi cha skuli yetu, kwa kuwa wazee wengi waliofika Siku ya Wazazi waliuliza maswali ambayo hapakuwa na wakati wa kuyajibu yote. Nimekubali kwa furaha, nami nitajaribu kueleza mambo kwa utaratibu: kwa nini tulilitaka, jinsi lilivyojengwa, viumbe gani wamo ndani yake, na taabu gani tuliziona. Mwenye kutaka kufanya kama sisi apate pa kuanzia, na mwenye kudhani kwamba tulipoteza wakati wetu apate kuhukumu baada ya kusikia.

Sisi watu wa Pemba husema kwamba bahari ni yetu, na neno hili ni kweli. Lakini hebu tujiulize, ni wangapi kati yetu waliopata kuiona? Mvuvi huiona kutoka juu ya ngalawa yake. Hushusha dema, hulipandisha, na yaliyomo kati ya kushusha na kupandisha huyajua kwa kukisia. Mama zetu waendao mwani hufika maji ya kiunoni, nao wameinama juu ya kamba zao, hawana nafasi ya kutazama. Mimi ni mtoto wa kike. Nimezaliwa mahali ambapo mawimbi husikika kila usiku, na mpaka nilipoingia Kidato cha Pili sikuwa nimeona samaki aliye hai, ila yule anayerukaruka ndani ya chombo hali yu karibu kufa. Matumbawe niliyajua kama mawe ya kujengea nyumba na ya kuchomea chokaa, basi.

Wageni wametutangulia. Mwaka 1901 na 1902 mtaalamu mmoja Mwingereza, Cyril Crossland, alikusanya viumbe vya bahari katika pwani zetu, akaandika pia juu ya miamba ya matumbawe ya Pemba. Matumbawe laini aliyoyakusanya yalielezwa katika jarida la wataalamu huko London mwaka 1906. Yalisafiri yamekufa, na kiumbe wa namna hiyo akitiwa katika spiriti hupoteza rangi yake na umbo lake pia. Na siku hizi, tangu mwaka 2013, kule Kigomasha kuna hoteli yenye chumba kilichozamishwa baharini, ambamo mgeni hulala kitandani akatazama samaki wakipita nje ya dirisha. Sina ubaya na wageni hao. Nasema tu kwamba mtu ametoka Ulaya akalipa pesa nyingi ili aone kilicho mlangoni kwetu, nasi wenye mlango hatujakiona.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyazungumza katika Chama chetu cha Sayansi siku moja, ndipo Maalim wetu wa Bayolojia aliposema: "Kama hamwezi kwenda nyote chini ya bahari, basi pengine kidogo cha bahari chaweza kuja kwenu." Akatueleza kwamba jambo hili si geni duniani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, watu wakaja makundi kwa makundi kutazama. Lakini aliyetutia moyo sisi si Mzungu wa London. Ni bwana mmoja wa Jakarta, Indonesia, jina lake Lee Chin Eng. Mwaka 1961 aliandika makala akieleza kwamba hakuhitaji mitambo mingi. Alitumia maji ya bahari yenyewe, mawe ya bahari yaliyo hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, na viumbe wake wakaishi. Sote tukafikiri jambo moja: maji ya bahari, mawe na jua, ni kipi kati ya hivyo tusichokuwa nacho Pemba?

Tulikwenda mbele ya Kamati ya Skuli. Hapo hatukupata njia nyepesi. Mzee mmoja wa Kamati, ambaye ni mvuvi wa dema tangu ujana wake, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kuna madarasa mawili ambayo watoto wanakaa watatu watatu katika dawati la wawili. Nanyi mwataka kumjengea samaki nyumba?" Ukumbini pakawa kimya. Maneno yale yalikuwa ya haki, na hapana aliyeweza kuyapuuza. Maalim alijibu kwa adabu kwamba hatuombi hata senti moja ya skuli. Kamati ikatupa ruhusa kwa sharti: tuendelee mpaka Siku ya Wazazi, na siku hiyo wao watakuja, watatazama, na wataamua kama tangi libaki au liondolewe.

Basi tukaanza. Vioo tulivipata bure kutoka kwa mwenye duka aliyekuwa akilivunja duka lake la zamani. Vilikuwa vioo vinene vya milimita 12, na fundi wa mtaani alivikata akatuunganishia kwa gundi ya silikoni. Tangi letu lina urefu wa futi 6, upana wa futi 2 na kimo cha futi 2. Gundi tuliiacha ikauke kwa wiki nzima, kisha tukalijaza tangi maji ya mfereji hapo uani kwa siku tatu. Pembe moja ilitoa machozi. Fundi akaikwangua, akaitia gundi upya, tukajaribu tena, likashika.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini hatukuliweka juu ya meza. Hesabu ndiyo jibu. Tangi letu hubeba maji lita 560, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 574. Ongeza mawe kilo 60, mchanga kilo 40, na vioo zaidi ya kilo 120, utaona kwamba tunazungumzia karibu kilo 800. Meza ya darasani isingelala nalo hata usiku mmoja. Tulijenga kitako cha matofali ya saruji, tukaweka ubao mnene juu yake, na juu ya ubao sponji nyembamba, ili kioo cha chini kilale sawasawa kisipasuke.

Maji tuliyafuata mwezi wa Septemba, kusi ilipokwisha kulegea. Wavulana walitoka Wesha kwa mashua wakati wa bamvua, wakaenda mpaka maji yalipoacha rangi ya tope la mikoko yakawa ya buluu, ndipo wakajaza madumu. Madumu 28 ya lita 20 kila moja. Sisi wasichana tuliyapokea bandarini, tukayapakia katika pikapu, na kila dumu lilipofika skuli lilipimwa. Maji ya bahari yetu huwa na chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo moja ya maji. Mtu asichote maji baada ya mvua kubwa, wala karibu na mdomo wa mto, kwani hapo maji ya juu huwa yamechanganyika na ya mvua.

Kabla ya yote haya tulikuwa tumemwandikia Afisa wa Uvuvi, naye alitupa ruhusa yenye masharti. La kwanza, tusichukue kitu chochote Misali. Kisiwa kile na maji yake yamehifadhiwa tangu mwaka 1998, na upande wake mmoja hauvuliwi kabisa. La pili, tusivunje jiwe lolote. Tuchukue vipande vilivyokwisha kung'oka na kulala mchangani, vilivyovunjwa na mawimbi au na nanga. La tatu, samaki wawe wachache, na tuandike katika daftari kila mmoja wao na mahali alipotoka. Masharti haya tuliyaona mazito mwanzoni. Sasa naona kwamba bila hayo tungekuwa wezi wenye vyeti vya sayansi.

Mawe na mchanga vilipokwisha kuingia, kila mtu alitaka samaki watiwe siku ile ile. Maalim akakataa. Alisema tangi jipya ni kama mji usio na mabwana afya. Samaki hutoa uchafu, uchafu hugeuka amonia, na amonia ni sumu. Katika bahari kuna bakteria wengi wasioonekana ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huja pamoja na mawe, lakini huhitaji muda wa kuzaana wakatosha. Tulingoja wiki sita. Kila siku ya pili tulitia matone ya dawa katika maji kidogo ndani ya chupa, tukalinganisha rangi na karatasi. Amonia ilipanda, ikashuka. Nitriti nayo ikapanda, ikashuka. Wenzetu wa madarasa mengine walikuwa wakichungulia dirishani na kutucheka kwamba tunafuga mawe. Lakini wale wenye subira waliona mengi, kwani katika mawe yale yale walitoka kaa wadogo, konokono, na minyoo yenye manyoya kama kanga, ambao hakuna aliyewatia.

Kuchagua samaki kulileta ubishi mkubwa. Wengi walimtaka kitatange kwa uzuri wake, lakini kitatange wengi hula matumbawe. Wengine walimtaka kikande, ambaye angemaliza kaa wote kwa meno yake. Mmoja alileta mtoto wa chewa mwenye urefu wa kidole. Maalim akamwuliza: "Na mwakani atakapokuwa na urefu wa mkono, mtamlisha nani?" Chewa akarudishwa baharini siku ile ile. Mwisho tuliwachagua samaki watano wadogo wa rangi ya kijani na buluu waendao kwa kundi, kangaja mmoja mchanga ambaye kazi yake ni kula mwani unaoota juu ya mawe, na wawili wa rangi ya chungwa wenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Hawa wa mwisho wana ajabu yao. Katika kila kikundi chao mkubwa ndiye jike, na jike huyo akifa, dume aliye chini yake hugeuka akawa jike. Bibi yangu nilipomweleza alicheka mpaka akashika ubavu.

Mwezi wa Disemba tulitia matumbawe laini, vipande vinne. Nataka niyaeleze vizuri, maana wengi hudhani ni mimea. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana walioungana, kila mmoja na mdomo wake na vikono vyake. Matumbawe magumu hujenga jiwe chini yao, na jiwe hilo ndilo mwamba. Matumbawe laini hayajengi jiwe namna hiyo. Mwili wao ni mnofu wenye chembe ndogo ngumu ndani yake, na kila mnyama ana vikono vinane, hazidi wala hapungui. Ndani ya mnofu wa mengi yao, kama ndani ya matumbawe magumu ya miambani, huishi vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumpa mwenye nyumba sehemu yake. Ndiyo sababu tuliweka taa mbili kali juu ya tangi. Bila mwanga vimea hufa, na tumbawe hudhoofika.

Moja katika hayo lina umbo la uyoga mkubwa, na ngozi yake ni kama ngozi ya viatu. Wataalamu huliita Sarcophyton. Wiki ya tatu lilijifunga lote, likawa na utando unaong'aa kama nta, na likakaa hivyo siku tisa. Wengi walisema limekufa, litolewe lisije likaharibu maji. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alikwisha kuleta ndoo. Maalim akamzuia, akasema tungojee. Siku ya kumi utando ulibanduka kama ngozi ya nyoka, ukaelea, na chini yake tumbawe lilikuwa safi, limefungua vikono vyake vyote. Kumbe hujivua ngozi ili kutupa uchafu na mwani ulioshika juu yake. Samaki wale wawili wa rangi ya chungwa walilifanya nyumba yao tangu siku hiyo, nao hulala humo mpaka leo.

La pili huvutia watu kuliko yote. Lina vikono kama viganja vya mtoto mchanga, navyo hufumba na kufumbua mchana kutwa. Mwaka 2013 watafiti wa Israel walieleza sababu yake: kule kufumba na kufumbua huyasukuma maji, huondoa oksijeni inayojikusanya karibu na mnyama, na vimea vilivyomo ndani yake hupata kufanya kazi vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye taabu. Ya kwanza ilikuwa joto. Mwezi wa Februari kaskazi ilitulia, jua likawa kali, na kipimajoto chetu kikapanda kutoka nyuzi 28 hadi 31. Vile viganja vikaacha kucheza. Lile la uyoga likaanza kupoteza rangi yake ya hudhurungi. Tulikuwa tumesoma habari hii vitabuni: maji yakizidi joto la kawaida, hata kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vile vimea vyake na kubaki jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa. Mwaka 1998, mwaka ule ule Misali ilipohifadhiwa, joto liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na Misali nayo ilipata hasara kubwa. Mwaka 2016 joto lilirudi, na mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima kwa mara ya nne. Kusoma hayo ni jambo moja. Kuyaona mbele ya macho yako katika kitu ulichokibeba kwa mikono yako ni jambo jingine.

Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki nilimsimulia mama. Mama yangu analima mwani, kazi iliyoanza katika visiwa vyetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hana kipimajoto. Akaniambia: "Mwanangu, maji yakishakuwa ya moto miguuni wakati wa mchana, mwani ule mnene hauponi, hugeuka mweupe ukakatika. Sisi huuhamishia maji ya kina. Lakini nyinyi maji yenu hayana pa kukimbilia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoka jasho. Tazameni kama tangi lenu laweza kutoka jasho."

Jumatatu nilimwambia Maalim maneno hayo. Alisimama akanitazama, akasema mama yako ametoa somo la fizikia. Tulifunua juu ya tangi, tukaweka feni ndogo ipulize usawa wa maji, na dirisha la upande wa jua tukalizibia kwa mkeka. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo, na kwa siku mbili kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 28 na nusu. Lakini maji nayo yakawa yanapungua lita 5 au 6 kila siku. Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wageni wetu wote huuliza: kwa nini tunaongeza maji ya mvua, yasiyo na chumvi, katika tangi la bahari? Ni kwa sababu mvuke hautoki na chumvi. Maji hupungua na chumvi hubaki, na mtu akiongeza maji ya bahari kila siku atajikuta ana tangi la brini. Maji ya bahari huongezwa tu wakati wa kuyabadilisha, nasi hubadilisha madumu matatu kila wiki ya pili. Baada ya mwezi mmoja rangi ilianza kurudi.

Taabu ya pili ilikuja na masika. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, katika mvua na upepo mkali, mnazi ulianguka juu ya nyaya za mtaa wetu. Taa zikazimika, na pampu pia. Usiku vile vimea havitoi oksijeni, bali vyenyewe huitumia. Maji yakikaa kimya katika tangi, hewa iliyomo humalizika polepole. Ilipofika saa nne za usiku tulikwenda na tochi, tukawaona samaki wote wamepanda juu, midomo yao ikigusa uso wa maji.

Mlezi wa dakhalia alituruhusu. Tulikuwa wasichana 24. Tulijigawa wawili wawili, kila jozi robo saa, mmoja akichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu kadiri mkono wake ulivyofika, na mwenzake akishika tochi na kupokea kopo yule wa kwanza akichoka. Kila jozi ilishika zamu mara mbili. Mikono iliuma mpaka mabegani. Ilikuwa katika zamu yangu ya pili nilipofahamu wimbi ni nini. Maisha yangu yote nililisikia likivunjika pwani, nikadhani ni sauti tu. Kumbe lile ndilo linalowatilia hewa viumbe wote wa miambani, usiku na mchana, bila zamu na bila kuchoka, na sisi watu 24 tulishindwa kulifanyia kazi sanduku moja bila ya kuota malengelenge.

Umeme ulirudi saa kumi za alfajiri. Tulimpoteza samaki mmoja mdogo wa kijani. Waliobaki waliishi. Siku hizi tunayo pampu ndogo ya betri, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama.

Siku ya Wazazi ikafika, na Kamati ikaja kama ilivyosema. Mzee yule mvuvi alikuwa wa mwisho kuingia. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akasimama mbele ya kioo. Alikaa muda mrefu kuliko watu wote. Aliwataja samaki mmoja mmoja kwa majina ya kwao, na mengine hata Maalim hakuyajua. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kinachofumba na kufumbua. "Hicho ni mti au mnyama?" akauliza. Nikamjibu, "Ni mnyama, babu, na ndani ya mnyama mna mimea." Akanyamaza. Halafu akasema, si kwa kuniambia mimi, bali kama mtu anayehesabu: "Miaka 40 natupa nanga juu ya haya. Sisi tuliyaita mawe."

Katika kikao cha Kamati hakutoa hotuba. Alisema tangi libaki mwaka mwingine, kwa masharti mawili. Moja, kila Alhamisi watoto wa skuli za msingi zilizo karibu waje kutazama. "Watoto wa wavuvi waone," alisema, "kabla hawajapewa kasia." Pili, tusidhani kwamba amesahau madawati. Chama cha Sayansi kiliitika masharti yote mawili, na katika likizo wanachama walimsaidia seremala kutengeneza madawati tisa yaliyokuwa yamevunjika.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo halijatulia. Katika mjadala wa muhula huu tulijadili hoja hii: Je, ni haki kumfunga kiumbe ili watu wajifunze? Waliounga mkono walisema kwamba hakuna anayelinda asichokijua. Waliopinga walisema kwamba bahari haina kuta, na mfungwa hata akilishwa vizuri ni mfungwa. Mimi nilisema upande wa kuunga mkono, tukashinda kwa kura 41 dhidi ya 38, lakini nakiri kwamba hoja za wenzetu zilikuwa nzito, nami nilitoka nikizifikiria. Kwa ajili yao tumeweka kanuni mpya, na Afisa wa Uvuvi ameikubali: kila samaki atakaa kwetu mihula miwili, kisha, akiwa mzima, atarudishwa pale pale alipotoka, kama ilivyoandikwa katika daftari. Samaki wetu wa kijani walirudishwa wiki iliyopita. Tulipowafungulia hawakutazama nyuma.

Kwa wenzetu wa skuli nyingine wanaotaka kujaribu, nasema haya. Ombeni ruhusa kwanza. Pimeni uzito kabla ya kujenga. Ngojeni wiki sita hata mkichekwa. Msitie samaki wengi, wala msiokote kitu kilicho hai kwa sababu tu ni kizuri. Wekeni pampu ya betri kabla ya masika. Na mkikwama, waulizeni mama zenu waendao mwani na babu zenu wa dema, maana wameisoma bahari kabla ya vitabu vyetu kuandikwa.

Chumba cha sayansi hufunguliwa kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Wazazi wote wanakaribishwa, na ikiwa mvua inanyesha, tafadhali njooni na dumu tupu. Maji ya mvua tunayahitaji daima.